Mtandikwe, Mpo?

Josepha alifungua duka lake la sufuria pale Kariakoo akakuta mali mpya imejaa maji. Sufuria ambazo hazijatoka hata kwenye nailoni zake, ndani zina maji mekundu ya tope. Dari kavu, sakafu kavu, na bomba humo ndani halipo.

"Benjamini! Nani kachezea mzigo wangu?"

"Mama, haki ya Mungu sijui," mpagazi wake alijibu huku akirudi nyuma. "Si tumeingia wote sasa hivi? Na hii harufu ni ya nini?"

Josepha alikuwa ameshaisikia. Moshi wa makaa ya mawe. Harufu ya utotoni, harufu ya gari moshi, na Kariakoo haikuwa na kazi nayo. Hasira zilimpanda, maana alijua imetoka wapi na alimjua aliyeileta.

Aliyeileta ni mumewe, Kasmir, bwana mwenye ugonjwa wa kujua kila kitu. Mwezi uliopita alikwenda Mtandikwe, kistesheni cha porini kwenye reli ya zamani, alikozaliwa Josepha, kumchukua mama mkwe wake, Bi Sofia, aliyekuwa amebaki kule peke yake. Hilo lilikuwa jema, na Josepha alimshukuru. Lakini mbele ya stesheni Kasmir aliona kipande cha reli kimening'inizwa kwa mnyororo, akakipenda, akakitia kwenye gari, akaja kukitundika mlangoni pa duka. Kila jioni wakati wa kufunga anakigonga kwa nyundo ili wapagazi waache mizigo. Wateja wanacheka, naye anafurahi. Mtu mwenye adabu angeuliza kwanza chuma kile ni cha nini.

Mtandikwe haikuwahi kuwa mji. Mjerumani alipotandaza reli alihitaji maji ya injini, na maji yalikuwa kwenye chemchemi moja tu, nayo ilikuwa na mwenyewe, jini. Vibarua walikwenda kuteka, hawakurudi, zikaonekana ndoo tupu tu. Ndipo akaletwa mganga, akapatana na yule jini: watu wa stesheni wawe watu wake, asiwaguse, ila kila jua likizama chuma kigongwe, aulize kama wapo, nao wajibu.

Wakajibu miaka na miaka. Stesheni masta, Mzee Kantilal, alijibu na mkewe kutoka barazani kwao. Magenge ya vibarua wa reli yalijibu kutoka kwenye kota zao, akina mama wauza mihogo wakajibu wakiwa na masinia yao kichwani, katekista akajibu, mwalimu wa madrasa akajibu. "Tupo!" Josepha mwenyewe alijibu tangu alipoanza kusema. Halafu wakubwa fulani, ambao hawakuwahi hata kunawa uso kwa maji ya Mtandikwe, wakaamua kwamba treni isisimame tena pale. Shule ikafungwa. Kota zikaezuliwa mabati. Watu wakaondoka nyumba baada ya nyumba, mpaka akabaki Bi Sofia anayegonga chuma mwenyewe na kuwajibia wote.

Alipoletwa nyumbani kwa Josepha, Upanga, jioni alikwenda dirishani akapiga kelele: "Tupo!" Majirani wa ghorofani wakanung'unika. Kasmir akaona aibu, akatafuta vidonge vya usingizi, na kila alasiri anampa mama wa watu kama anayempa mtoto pipi. Jua likizama, chuma kinagongwa Kariakoo, Bi Sofia amelala Upanga, na hakuna anayejibu. Asubuhi anaamka na tope jekundu nyayoni. Anazidi kuwa mwepesi. Juzi Josepha alimnyanyua kumwogesha akaona kama amenyanyua khanga tupu.

Asubuhi hiyo Josepha alivuka barabara mpaka kwa Nilesh, muuza vitenge, mjukuu wa yule stesheni masta. Kasmir alikuwa papo hapo, ameegemea kaunta, akamsikia akieleza habari za maji na moshi.

"Mambo ya kishamba hayo," Kasmir alisema, simu yake ikaita, akatoka nje kuongea.

Nilesh alishusha sauti. "Dada Josepha, babu alikuwa anajibu hata baada ya kuhamia Upanga, mpaka anakufa. Sisi tulikuwa tunamcheka. Lakini alituambia hivi: maadamu yupo mtu kule, wengine wanaweza kutembea. Siku pakiwa patupu, jini atatoka kutafuta."

"Ndiyo anamvuta mama?"

"Anamrudisha. Na akimrudisha hivi, usingizini, hampati tena mzima." Alitazama mlangoni. "Labda ajibu mtu mwingine. Lakini wa kwanza kujibu sasa ndiye atakayekwenda kukaa. Awe wa kwetu, awe mgeni, akishajibu amehesabiwa. Mimi nina watoto, dada. Nisamehe."

"Sikukuomba wewe," Josepha alisema. Alikuwa amekwishakata shauri: atajibu mwenyewe, na mama awe macho asivutwe usingizini. Alitoka nje akamshika mumewe mkono. "Baba Allen, nakuomba, leo usimpe mama vidonge. Leo tu."

"Sawa, sawa," alijibu Kasmir, simu ikiwa sikioni.

Alasiri Josepha alipofika Upanga, mama yake alikuwa amelala fofofo, kikombe kando ya kitanda. Kasmir alishapita. Josepha alisimama na kile kikombe mkononi, akamtukana mumewe matusi ambayo hakuwahi kuyatamka tangu aolewe. Kisha akamtia mama yake kwenye bajaji akaja naye dukani, maana hakutaka akachukuliwe peke yake. Alimlaza juu ya maboksi, akaitupa nyundo mtaroni, akamruhusu Benjamini aende zake.

Jua lilipozama, chuma kiligongwa.

Hakikugongwa na mtu. Kilijigonga chenyewe pale mlangoni, taratibu, na kila kilipolia kelele za mtaa zilipungua, honi zikafifia, wauzaji wa barabarani wakawa wanafumbua midomo bila sauti, na ndani ya duka moshi wa makaa ukatanda, maji mekundu yakaanza kupanda kwenye sufuria moja baada ya nyingine, yakifurika, yakitiririka sakafuni kuelekea kwenye maboksi alikolala mama yake, na ile sauti, ambayo Josepha alikuwa hajaisikia tangu ujana, nzito, yenye hasira ya mtu aliyeachwa bila kuagwa, ikauliza kutoka ndani ya maji:

"Mtandikwe, mpo?"

Nyayo za Bi Sofia zililowa. Zikaanza kudidimia, kana kwamba boksi lile ni tope. Josepha alimkumbatia, akavuta pumzi ya kujibu.

"Nini hiki? Mbona maji?" Kasmir alikuwa mlangoni. "Na nani anapiga kelele? Wale wahuni wa juu, eti?"

"Mtandikwe, mpo?"

"Ngoja niwakomeshe mimi."

Nafasi ilikuwepo. Angeweza kumziba mdomo, au kusema neno moja tu, usijibu. Josepha alimtazama mumewe, akatazama nyayo za mama yake, akakikumbuka kile kikombe. Alifunga mdomo wake.

"Tupo!" Kasmir alinguruma. "Tupo, bwana! Unasemaje?"

Chuma kikanyamaza. Honi zikarudi. Sakafu ilikuwa kavu, sufuria kavu, na mlangoni kilibaki kiatu kimoja cha Kasmir, kimejaa maji mekundu mpaka juu.

Polisi walikuja, ndugu wakaja kutoka Moshi, wakatafuta mpaka wakachoka. Bi Sofia amenenepa siku hizi; anashinda dukani, anabishana bei na wateja. Chuma kipo palepale mlangoni, hakuna anayethubutu kukigusa. Jioni kinajigonga, na kutoka mbali sana, penye upepo wa porini, mwanamume mmoja anaitika peke yake kwa niaba ya stesheni nzima.

"Anajibu kivivu," Bi Sofia alisema jana, akitega sikio. "Atakuja kumwudhi mwenyewe."

Kisha ile sauti ya mbali ikaongeza neno ambalo halikuwahi kuwemo. Sasa ilikuwa inalia.

"Mama Allen, upo?"

Josepha alisokomeza pembe ya khanga mdomoni, akaing'ata kwa nguvu, akashusha mlango wa duka.