Tairi Lililoliwa Upande wa Ndani

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mjane, mama wa watoto watatu, na nauza nguo za mitumba pale sokoni Kibuye, mjini Kisumu. Wasomaji wenzangu, huenda baadhi yenu mmewahi kuniona mkanidhania kichaa. Mimi ndiye yule mama anayeinama kando ya gari lililoegeshwa, anaingiza mkono nyuma ya gurudumu la mbele na kupapasa... Wenye magari hunifukuza. Wengine hunidhania mwizi! Siwalaumu, maana hawajui yaliyonikuta.

Mume wangu, Odhiambo, alikuwa na pikapu. Alibeba magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka ufuoni kwao akayaleta Kisumu, na wakati wa kurudi akawabebea wenye maduka bidhaa zao. Hatukuwa matajiri. Lakini tulikula tukashiba, na nyumba yetu ilikuwa ya vicheko. Odhiambo alikuwa mtu wa utani, hata akikasirika alikasirika kwa utani. Mungu wangu, jinsi ninavyovikosa vicheko vile!

Mwishoni mwa miaka ya themanini baba mkwe akafariki. Alikuwa mvuvi maisha yake yote, na pikapu yetu ndiyo iliyobeba jeneza lake kutoka Kisumu hadi nyumbani. Njiani wazee walitaka tupitie ufuoni kwanza, Mzee auage mtumbwi wake. Jua lilikuwa linatupa mkono, tukapita moja kwa moja. Wazee wakanung'unika, lakini tukamzika vizuri.

Siku za matanga Odhiambo, kama mwana mkubwa, alikaa na waombolezaji. Gari likawa mikononi mwa mdogo wake, shemeji yangu Ochieng, ambaye alilitumia kuteka maji na kusagisha mahindi.

Tuliporudi mjini gari lilikuwa limebadilika. Lilivuta kushoto! Odhiambo akilegeza usukani kidogo tu, linakwenda kushoto kama ng'ombe aliyenusa maji. Baada ya muda tairi la mbele la kushoto likapasuka akiwa hapahapa mjini, anaendesha polepole. Fundi akalivua na kutuonyesha. Kwa nje, meno ya tairi yalikuwa mazuri kabisa. Kwa ndani, lo! Lilikuwa limeliwa hadi nyuzi za waya zikachomoza.

"Hii gari imegonga kitu," fundi akasema. "Mkono ya chini imepinda, gurudumu haisimami wima. Inakanyaga na upande ya ndani peke yake, ndiyo inaisha hivyo. Ukiweka tairi ingine bila kunyoosha huu mkono, itaisha tu."

Maneno mepesi, sivyo? Hata mtoto angeyaelewa. Odhiambo alimtafuta ndugu yake siku hiyohiyo, akamuuliza mbele yangu kama aligonga kitu wakati wa matanga.

"Omera, ndugu yangu, sijagonga kitu!" Ochieng akajibu. "Naapa kwa kaburi ya baba."

Wasomaji, kwetu huwezi kuapa hivyo kwa mchezo. Kaburi lenyewe udongo wake ulikuwa bado mbichi! Anayeapa uongo kwa kaburi la baba yake hujiletea chira, laana inayomkausha mtu mwilini na kumaliza kizazi chake. Odhiambo alimwamini, na mimi nikamwamini. Damu ni nzito kuliko maji, na fundi alikuwa nani kwetu?

Lakini kama hakuna aliyegonga, nani alipinda chuma? Wazee walikuwa na jibu tayari. Ni Mzee! Alinyimwa kuuaga mtumbwi wake, sasa analivuta gari kuelekea ziwani. Kweli, ukitoka Kisumu kwenda kwetu ziwa liko kushoto. Ukirudi Kisumu gari lilivuta kushoto vilevile, mbali na ziwa, lakini hilo hakuna aliyetaka kulisikia.

Basi gari likapelekwa ufuoni, likaelekezwa majini, jogoo akachinjwa, wazee wakamsemesha marehemu. Ochieng alisimama pale nyuma ya watu. Nakumbuka nilimwonea huruma, nikadhani anamlilia baba yake... Tukafunga tairi jipya, ule mkono uliopinda tukauacha vilevile. Likakaa miezi bila neno, na watu wakafurahi kwamba Mzee ametulia. Jamani, tairi jipya lingeonyesha nini mapema vile?

Kuanzia hapo ikawa kila mara Ochieng anatokea kwetu na tairi kuukuu amelipata mahali. "Badilisha hiyo ya kushoto, omera, isikusumbue," angesema. Nami nikamwona shemeji wa dhahabu! Nilimkaangia samaki. Nilimpa sehemu ya kichwa, ile ya kuheshimu mgeni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nakiandalia ugali.

Asubuhi moja Odhiambo alipeleka omena Maseno. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko, tairi likapasuka. Safari hii hakuwa akienda polepole. Gari likaruka kushoto, likatoka barabarani, likakumbatia mti...

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumtoa. Sitasimulia nilivyomwona. Lakini nililiona tairi. Kwa nje lilikuwa na meno mazuri, ya kupendeza! Nikaingiza mkono nyuma, waya zikanichoma vidole. Hata leo vidole hivi vinawasha nikisikia gari likifunga breki.

Kule nyumbani walilia wakisema, Mzee amemchukua mwanawe. Nami nikamchukia marehemu baba mkwe. Nililitemea mate kaburi lake! Usingizini nilimwona ameketi ndani ya pikapu, ameshika usukani, ananitazama. Nilipiga kelele watoto wakaamka wakilia. Sasa najua kwa nini alikuwa akinitazama vile. Alikuwa akisingiziwa.

Muda ulipopita, wazee wakaamua Ochieng anirithi, kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimechoka, nikakubali. Ndipo mke wake, Akoth, akanijia Kibuye, akakaa juu ya marobota yangu ya nguo.

"Mama Awuor, usione ni wivu," akaniambia. "Usiingie kwa hiyo nyumba kama hujui."

Akasema yote. Siku ya kwenda kusagisha mahindi walikuwa wawili tu garini. Ochieng alikuwa amekunywa chang'aa. Gurudumu la kushoto liligonga jiwe kubwa kando ya njia, Akoth akajigonga paji la uso, akanionyesha kovu. Ochieng alimkataza kusema asije akaaibishwa mbele ya waombolezaji. Alipoulizwa baadaye akaapa. Na alipokwisha kuapa, angesema vipi tena? Kukiri kungekuwa kujilaani kwa mdomo wake mwenyewe! Basi akamwachia maiti mzigo wake.

Nilidhani Akoth anadanganya ili asipate mke mwenza. Nilitamani awe anadanganya! Siku wazee walipokusanyika nyumbani kunikabidhi, nilisimama nikamuuliza Ochieng mbele yao: nani aligonga jiwe?

Hakukana. Aliangalia miguu yake, akasema kwa sauti ndogo, "Si nilikuwa namletea tairi?"

Basi! Hicho ndicho kilichobaki cha maisha ya mume wangu, sentensi hiyo. Mzee mmoja akanikemea kwamba nimeaibisha boma. Nilichukua watoto wangu nikaja mtaa wa Obunga, hapa mjini, na ardhi ya Odhiambo sijaikanyaga tena.

Wasomaji wenzangu, nawaomba. Gari likivuta upande mmoja, inama, weka mkono ndani ambako macho hayafiki. Chuma hakiapi kwa kaburi la mtu. Ndugu yako akikuapia, mpende, lakini gari lipeleke kwa fundi.

Na wewe uliyegonga ukanyamaza, ambaye labda unasoma haya na jasho linakutoka... sema leo! Utatukanwa. Utaitwa mlevi mbele ya wakwe zako. Lakini mtu atafika nyumbani, atawakuta watoto wake wanamngoja, na hatajua hata kidogo kwamba ni wewe uliyemwokoa.