Jumamosi Zote Tulizowapa Wengine

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na moja, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Githongo, na pole zenu sizitaki. Nataka tu mnisikilize.

Kwa miaka tisa, kanisani na kwenye harusi, nilimpigia piano mwanamume anayeitwa Mwenda. Sauti tamu anayo, hilo siwezi kumnyima. Lakini aliruka beti, alichelewa kuingia, alivuta noti mpaka akaishiwa na pumzi... na mimi nikamfuata kila alikokimbilia, ili watu wasijue. Ndiyo kazi ya mpiga piano. Sifa zote zilikuwa zake.

Tuliishi pamoja bila ndoa. Kila nilipomkumbusha apeleke mahari kwa baba yangu kule Laare, alisema tutaenda Jumamosi. Jumamosi gani? Kila Jumamosi tulikuwa kwenye harusi ya mtu, leo Meru, wiki ijayo Embu, yeye akimwimbia bibi harusi wa wenyewe na mimi nikipiga. Nikajiambia kazi ni kazi, zamu yetu itafika.

Ndipo akaja Wanja, msichana wa Kiritiri aliyepata kazi dukani hapa kwetu. Mwenda akaniomba nimfundishe kuimba. Nilimfundisha mimi! Nikampikia chai, nikamwita mdogo wangu.

Siku moja niliwapa karatasi ya solfa, yaani noti za kuimbia, ya wimbo mpya wa watu wawili. Tulipokutana kwa mazoezi, kila mmoja alisema hajaugusa, eti ananingoja mimi. Nikaanza kupiga.

Sasa, mpiga piano husikiliza pumzi kabla ya sauti, maana hapo ndipo unapojua mwimbaji ataingia lini. Mwenda akavuta pumzi katikati ya neno, mahali ambapo mtu mwenye akili hapumui... na Wanja akavuta papo hapo. Ubeti wa pili, vilevile. Hayo hayaji kwa bahati. Walikuwa wameuimba wimbo huo mara nyingi, mahali ambapo mimi sikuwapo. Kama ni mazoezi tu, walificha nini?

Niliacha kupiga, nikawauliza. Wanja akainamisha kichwa. Mwenda hata haya hakuona.

"Karimi, wacha drama," akasema. "Wewe ni mpigaji tu. Watu wanakuja kuskia sauti."

Usiku huo hakurudi nyumbani, wala uliofuata. Baada ya wiki chache mchungaji akasoma majina yao ya ndoa kanisani, mimi nikiwa nimekaa pale pale kwenye piano. Alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, nilisimama, nikasema huyo ni mume wangu. Kwaya niliyoilea kwa mikono yangu ikatazama sakafu. Waoga wakubwa!

Mchungaji akatuita ofisini pamoja na wazazi. Baba alitoka Laare amevaa koti lake la kanisa. Nilipomwona moyo ulitulia, nikajua nimepata wa kunitetea.

"Mzee," mchungaji akamuuliza, "huyu kijana alikuja kwako lini?"

Baba yangu hajui kudanganya. Alimgeukia Mwenda.

"Huyu nimemuona akiimba kwa harusi za watu," akasema. "Kwangu hajawahi fika."

Kesi ikaishia hapo. Mbele ya kanisa sikuwa mke wa mtu. Walifunga ndoa, na walikuwa na uso wa kunitumia mtu aniombe niwapigie piano. Huyo mtu nilimfukuza kwa ufagio. Wananiambia nisamehe... sijasamehe, na sitaki kusikia neno hilo kutoka kwa waliocheza kwenye harusi ile.

Lakini kilichoniua si Mwenda. Ni baba, tulipokuwa tukitoka ofisini. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa upole, "Mwana wangu, kwani hizo Jumamosi zote mlikuwa mnaenda wapi?"

Dada zangu, nawasihi, msingoje kuulizwa swali hilo. Anayekupenda atawaambia wenye harusi watafute mwimbaji mwingine, aende kwa baba yako.