Mzigo wa Mjomba Gracjan

Kila Jumamosi asubuhi Kalina alivaa soksi zilizokaukia juu ya bomba la joto, akanywa chai yenye limau, kisha akateremka ngazi mbio kulilaki lori la Mjomba Gracjan. Kazi ya mjomba ilikuwa kupeleka vipande vya mbao kwenye mtambo uliochoma mbao na makaa ya mawe, ukatoa umeme na maji ya moto ya kupasha nyumba za mji mzima. Tangu baba yake Kalina aende Ujerumani asirudi, mjomba ndiye aliyembeba moyoni, na Jumamosi za lori ndizo alizozipenda kuliko sikukuu.

Jumamosi hiyo walipitia kwanza karakana ya kuvunjia makabati makuukuu. Kalina akaona vipande vyenye rangi na gundi vikimiminwa ndani ya lori, kisha vikafunikwa kwa msonobari safi. Alipouliza, mjomba alicheka, akasema mbao za rangi ni marufuku mtamboni, ila mpimaji wa langoni huchota sampuli juu juu tu, maana baridi humkimbiza.

"Na moshi wa hiyo rangi si tutauvuta sisi?"

"Dohani ni ndefu, mpwa wangu. Upepo utaupeleka mbali."

"Kwa nani? Hata huko mbali watu wana mapafu."

"Kula maandazi yako, unyamaze."

Kalina hakula. Langoni mwa mtambo, Bi Bogumiła mpimaji alipanda ngazi ya kando ya lori akiwa na upawa wake wa mpini mrefu. Kalina alijua kwamba akifungua kinywa, Jumamosi zake zimekwisha. Aliogopa mno, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Akafungua mlango, akaruka chini.

"Bi Bogumiła, usichote juu. Mwambie amwage mzigo wote."

Mjomba alisema mtoto anatania.

"Sitanii," Kalina akasema.

Mzigo ukamwagwa pembeni. Rangi ya kijani na ya samawati ikatapakaa juu ya theluji, mbele ya madereva wote. Mjomba akafukuzwa langoni, naye akamwambia Kalina arudi nyumbani kwa miguu. Akarudi akilia, wala hakugeuka nyuma.

Nyumbani bibi yake, mama yake mjomba, alimkaripia vikali. Damu ni nzito kuliko maji, alisema; kesho mjomba akija kula, aombwe radhi.

"Siombi, bibi. Nikilala njaa, nitalala."

Jumapili mjomba alikuja, akala supu nyekundu ya bitiruti. Bibi alimkonyeza Kalina. Kalina akatikisa kichwa.

Hatimaye mjomba aliweka kijiko. "Wamenizuia hadi theluji iyeyuke," alisema. "Nina hasira, sikufichi. Nimetafuta kosa lako usiku kucha, nimeambulia langu tu. Mama, mwache mtoto. Anayekupenda kweli hakusaidii kuficha uovu wako; anakuumbua ili uache."

Bibi akachukua upawa. Akamwongezea Kalina supu.

"Jumamosi sina mzigo," mjomba akaendelea. "Nitaliosha lori. Utakuja?"

"Nitakuja. Lakini radhi siombi."

"Nani amekuambia uombe?" akasema mjomba, akamsogezea mkate.