Koti la Mgombea

Koti lililetwa asubuhi, na hadi jua la saa sita lilikuwa bado na joto la mwili, kama mtu kalivua sasa hivi akaenda kunawa. Fundi alilipapasa kwapani, akanusa vidole. Dawa ya kusafishia sakafu za hospitali, na maziwa yaliyochacha.

"Wifi, hebu nusa."

Wifi yake, dada wa mume, mwanamke asiyepitwa na jambo mtaa mzima, akainamisha pua. "Si ndiyo harufu ya Bwana Vitanda hiyo!" akacheka. "Koti lake, unategemea linukie waridi?"

Ni lake kweli. Katika chama kile, kila mgombea alivikwa koti lile jeusi na aliyemtangulia, jukwaani, kwa makofi. Aliyetangulia mara hii alikuwa huyo Bwana Vitanda, mbunge aliyekula vitanda vya wodi ya wazazi, na magodoro yake, wanawake wakazaa sakafuni, vichanga vingine visione hata jioni. Habari zilipovuja, chama kikanuka kila nyumba. Uchaguzi uko mlangoni, na wapiga debe wake wakipita wanafungiwa milango. Ndipo Mwenyekiti alipomfuata mume wa Fundi, Mwalimu, mtu asiyewahi kuondoka na hata chaki ya shule mfukoni.

"Wanataka kukufanya sabuni," Fundi alimwambia siku ile.

"Bora sabuni kuliko uchafu, mke wangu."

Maneno matamu hayo. Ndiyo yaliyomponza.

Kazi ya Fundi ilikuwa kulipunguza koti, maana Bwana Vitanda alikuwa na tumbo la kutangulia mlangoni, na Mwalimu ni mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Akafumua ubavuni, akakata, akashona. Akaenda jikoni kubandika chai. Kurudi, koti lina upana wake ule ule, na vipande alivyokata havipo sakafuni. Akashona tena, likapanuka tena. Akajiambia ni macho yake, akaliacha. Hapo alijidanganya, maana hakuna fundi asiyeijua mishono yake.

Siku ya kuvikwa, koti lilimkaa Mwalimu sawasawa. Halikuwa limepungua hata kidogo. Mwalimu ndiye aliyejaa.

"Kaka yangu kanawiri!" Wifi akashangilia.

Kunawiri gani. Alianza kula amesimama, akacheka kicheko cha Bwana Vitanda, kile cha kukwaruza kooni, na koti hakulivua hata kwa joto. Alasiri moja alisinzia kitini, Fundi akipiga pasi kando yake, mtaa umetulia, na Fundi akaona bitana ya ndani ya koti inapanda na kushuka ilhali kifua cha mumewe kimetulia, kisha mfukoni kitu kikasukuma kwa ndani, kidogo, cha mviringo, kama ngumi ya kichanga, na kilio kikatoka humo, chembamba, cha mtoto aliyelia mpaka nguvu zikamwishia, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa chumba mpaka Fundi akaziba pua kwa kiwiko, na Mwalimu, macho yamefumbwa, akaupigapiga ule mfuko taratibu akisema, "Nyamaza. Vitanda vinakuja. Vinakuja."

Pasi iliunguza nguo ya mteja.

Mganga aliyeitwa na Fundi alikuja kesho yake, mtu mfupi wa maneno machache. Alivua viatu mlangoni, akatazama ndani, akavivaa tena.

"Nani kakutuma?" akaliuliza lile koti, kwa sauti ya chini.

Mdomo wa Mwalimu ukafunguka. Sauti haikuwa yake wala ya Bwana Vitanda; ilikuwa kama ya watu wengi walio chumba cha mbali. "Sikutumwa. Nilichaguliwa."

Mganga akamvuta Fundi uani. "Dada, jini huyu kaingia kwa makofi. Mumeo alivue koti mbele ya waliolipigia makofi, aseme limekula nini, nawe ulichome hapo hapo. Lisibaki hata uzi."

"Na nikichelewa?"

"Usichelewe, dada yangu."

Fundi alimnong'oneza mumewe sikioni. Vidole vya Mwalimu vilivitafuta vya mkewe, vikavibana. Bado yumo, Fundi akawaza. Bado yumo.

Mkutano wa mwisho, uwanja ulifurika. Fundi alisimama chini ya jukwaa, kichupa cha mafuta ya taa kwenye mkoba na kibiriti kiganjani. Mwalimu alishika kipaza sauti, akaanza kuvua. Mikono ya koti ilimng'ang'ania kama kitambaa kilicholowa. Akavuta mpaka jasho likamtiririka, koti likamtoka. Shati likampwaya mabegani. Alikuwa mwembamba tena.

"Vitanda vililiwa," akasema, na sauti ilikuwa yake. "Tulivila sisi, tuliolivaa koti hili na tuliolipigia makofi."

Fundi akawasha njiti.

Mwenyekiti aliruka kama aliyekalia kaa la moto, akapokonya kipaza sauti. "Mmesikia? Chama gani kingine kinajisema hadharani hivi? Leo tumejisafisha!"

Uwanja ukalipuka. Watu wale wale waliofunga milango walikumbatiana wakilia. Mwenyekiti akalinyakua koti sakafuni, Fundi akinyoosha mkono, akalirusha kwenye umati. "Chukueni! Kumbukumbu ya siku ya ukweli!"

Wakalirarua. Kila mwenye mkono alitaka chake, mkunjo, kifungo, uzi. Njiti ilimuunguza Fundi vidole ikazimika.

Jioni redio ilisema chama kimepanda, ushindi ni wa wazi hata kabla ya kura. Mwalimu alikuwa amelala mwepesi, hana harufu yoyote. Wifi akaingia anahema kwa furaha.

"Wifi yangu, nimekupigania! Nimeumwa mpaka mkononi!" Akaweka mezani kipande cha bitana nyeusi.

Kilikuwa na joto.

Kilio kikaanza, chembamba. Kikajibiwa na kingine nyumba ya jirani, na kingine ng'ambo ya barabara, kisha mtaa mzima, na majirani wakasikika wakibembeleza kwa upole, kila mtu kwake, "Nyamaza. Vinakuja. Vinakuja."

Fundi alikuwa bado na kibiriti mkononi. Akasimama mlangoni, akazitazama nyumba, asijue aanzie ya nani.