Mkono wa Nane

Mikono ilihesabiwa mara mbili, na mara zote mbili ilizidi mmoja.

Kilikuwa kikao cha kawaida cha halmashauri ya mji, saa nne asubuhi, ajenda namba tatu: kuhamisha meza za wauza samaki kutoka mbele ya zahanati. Madiwani ni saba, na siku hiyo walikuwepo wote saba, jambo ambalo lenyewe lilikuwa la kushangaza. Mwenyekiti akauliza wanaoafiki. Karani, ambaye kazi yake ni kuandika kila kinachosemwa na kuhesabu kila kinachonyooshwa, akapata mikono mitano. Wanaopinga? Mitatu.

"Samahani, Mheshimiwa," karani akasema. "Warudie. Hesabu imenipotea."

Wakarudia, huku wakinung'unika. Mitano na mitatu.

Mkono wa nane ulikuwa mwisho wa meza, kwenye kiti cha dirishani. Ulikuwa mwembamba, mrefu kuliko inavyostahili, na ulikuwa unadondosha maji. Karani aliinama kuandika. Alipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Akaandika: wengi waliafiki. Wakaingia ajenda namba nne, mitaro.

Mtu mwingine angepiga ukelele. Karani hakupiga. Tangu alipomzika mumewe, miezi kumi iliyopita, kuna kitu ndani yake kilikufa ganzi, na hakujua kama kilikuwa kimelala tu au kimekwenda moja kwa moja. Alikula alipoambiwa ale. Alicheka wenzake walipocheka, akichelewa kidogo. Siku moja alijikata kidole akiandaa chakula, akaendelea kukatakata mpaka mama yake, aliyekuwa akiishi naye, akamnyang'anya kisu. "Mwanangu, sasa unatupikia na wewe mwenyewe?" mama akasema, akijaribu kumchekesha. Karani alikitazama kidole kinavyochuruzika, akaona ni kidole tu.

Mchana huo alikaa ofisini kusikiliza kinasa sauti ili aandike muhtasari. Sauti za madiwani alizijua kama anavyojua vitasa vya milango ya nyumbani kwake. Kulikuwa na yule mwenye mafua yasiyokwisha, yule wa "kwa faida ya kikao," na kulikuwa na Kipaza, aliyebatizwa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuhitaji kipaza sauti maishani mwake. Kisha, kati ya mitaro na mengineyo, ikatokea sauti asiyoijua. Ilikuwa ya chini, kavu, kama ya mtu aliyelala na mchanga mdomoni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi bado sijasikilizwa."

Mwenyekiti, kwenye kinasa sauti, akajibu bila kusita, "Subiri zamu yako." Kikao kikaendelea.

Karani alipomuuliza, Mwenyekiti alimkazia macho. "Nimemjibu nani? Bibie, nenda kapumzike. Nitakusainia ruhusa."

Aliyemwamini ni mmoja tu, mhudumu wa ofisi, mama wa makamo ambaye jengo zima lilimwita Shangazi. Shangazi alifunga mlango wa stoo kwanza, akabana ndoo katikati ya miguu, ndipo akaongea kwa kunong'ona.

"Kile kiti nakifuta kila baada ya kikao. Kila baada ya kikao, unanisikia? Kinalowa. Siyo maji ya bomba. Nusa hiki kitambaa."

Karani akanusa. Kilikuwa na harufu ya tope la chini kabisa, baridi, lisilowahi kuona jua.

"Imeanza lini?"

"Unaniuliza mimi? Imeanza mlipoziba kisima."

Kisima kilikuwa nyuma ya ukumbi, cha zamani kuliko ukumbi wenyewe. Maji yake hayakunyweka, na hakuna aliyejua nani alikichimba. Miezi mitatu nyuma, Kipaza alitoa hoja kijazwe kifusi na kumwagiwa zege ili magari ya halmashauri yapate pa kuegeshwa. Hoja ikapita kabla chai haijapoa. Fomu ilikuwa na sehemu iliyotaka kujua kama wakazi wa jirani wameulizwa. Hakuna aliyeishi nyuma ya ukumbi, kwa hiyo Mwenyekiti akasema, "Andika waliulizwa, hawakuwa na pingamizi." Karani akaandika. Siku hiyo hata asingeweza kukuambia ilikuwa siku gani ya wiki.

"Kumbe alikuwepo wa kuulizwa," Shangazi akanong'ona. "Na sisi tumeandika kwamba tumemuuliza."

Kikao kilichofuata kilifanyika baada ya wiki mbili, na harufu ilitangulia watu ukumbini. Madiwani walikaa wakijipepea kwa makabrasha, wakiwalaumu mafundi wa mitaro. Kipaza alisimama kuunga mkono hoja ya taa za barabarani. Alifungua mdomo, na badala ya ile sauti yake ya kutikisa vioo kukatoka mkwaruzo, halafu kikohozi, na alipokohoa mara ya pili akaweka kiganja mdomoni na kiganja kikajaa tope, tope jeusi lenye vipande vya kifusi, akalitazama kama mtu aliyekabidhiwa kitu kisicho chake, kisha likaja lingine, na lingine, likimwagika juu ya shati na juu ya makabrasha ya ajenda, huku wenzake wakirudi nyuma na viti vyao bila hata mmoja kumshika, na mwisho wa meza, kwenye kiti cha dirishani, mkono mrefu ulikuwa umenyooka juu, ukisubiri kuitwa.

Safari hii wote waliuona. Na wote, walipoulizwa baadaye, walisema hawakuuona.

Kipaza alipelekwa hospitali. Daktari alimpiga picha ya kifua, akasema mapafu ni safi. Alirudishwa nyumbani akiwa haongei, akipumua kwa shida kama mtu aliyefukiwa hai. Siku ya tatu Mwenyekiti alimwita karani, akafunga mlango.

"Shangazi anasema anamjua mganga."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Asipite mlango wa mbele. Na kwenye kitabu cha wageni aandikwe fundi wa mabomba."

Mganga alikuja saa sita mchana, jua likiwa utosini. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba wa begani na viatu vya kutembelea, ungemdhania mwalimu mstaafu anayefuatilia pensheni. Hakuja na mbwembwe. Aliagiza Kipaza aletwe, madirisha yafungwe, madiwani wakae kila mtu mahali pake. Mke wa Kipaza, aliyemleta mumewe akiwa amemkumbatia kiunoni, akaambiwa asubiri kwenye korido. Mganga akaweka bilauri ya maji mbele ya kile kiti kitupu, akamgeukia karani.

"Soma lile azimio la kisima."

Karani akasoma. Alipofika "wakazi wa jirani waliulizwa," maji ya bilauri yakawa meusi. Na Kipaza, ambaye kwa siku tatu hakuwa ametoa hata neno, akafungua mdomo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kwenye kinasa sauti.

"Mwongo."

Mwenyekiti akasogeza kiti chake nyuma.

"Tunakusikiliza," mganga akasema taratibu. "Sema shida yako."

"Nilikuwa na pa kukaa. Wamenimwagia mawe usingizini. Halafu wakaandika kwamba nimeridhia."

"Unataka nini ili umwachie huyu?"

"Pa kukaa. Na iandikwe."

Mganga akamwangalia Mwenyekiti. "Kifungueni kisima. Ndiyo njia iliyonyooka."

Mwenyekiti akajipangusa shingo. "Mama, zege limeshashika. Mkuu wa wilaya mwenyewe ndiye aliyekata utepe. Nitamwambia nini?"

Basi wakafanya walichozoea kufanya. Wakajadili. Mtu akapendekeza machinjio ya zamani, diwani wa kata hiyo akaruka, "Siyo kwangu, nina uchaguzi mwakani!" Wakataja choo cha soko, wakataja ghala la shule, na kila kata ilikuwa na mwenyewe wa kuikataa, huku Kipaza akizidi kuwa wa bluu midomoni. Harufu ya tope ilikuwa imewapanda mpaka kooni, na bado walikuwa wakisema "kwa faida ya kikao."

Kisha ile sauti ikawakata.

"Nyumba ya aliyeandika."

Vichwa vyote vikamgeukia karani. Naye akajitafuta ndani, akitegemea kukuta woga, au hasira, hata kidogo. Hakukuta kitu. Lakini alijua kinachopaswa kusemwa, akakisema.

"Mimi nina mama nyumbani. Napinga."

"Pingamizi limesikika," Mwenyekiti akasema, bila kumtazama usoni. "Wanaoafiki?"

Ikainuka mikono sita ya watu waliokuwa wakitazama meza. Wa Kipaza ukanyanyuka kama unavutwa na kamba. Karani akahesabu, maana ndiyo kazi yake. Minane.

Mganga alimvuta hadi kwenye korido. "Nisikilize, dada. Kura si kitu. Kinachomfunga ni maandishi. Usipoandika, hana pa kwenda."

"Na Kipaza?"

Mganga akageuza macho sakafuni. Mke wa Kipaza alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kanga imemtoka kichwani. Alikuwa amesikia yote. Hakulia, hakupiga magoti. Alisema tu, kwa sauti iliyokwisha, "Mdogo wangu, najua ninachokuomba. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka miwili."

Karani alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu. Alimjua alivyo, yeye mwenyewe aliwahi kukaa sakafu ya korido namna ile, na hakukuwa na mtu wa kumwomba. Akarudi ukumbini, akakaa mbele ya mashine ya kuchapa.

Mwenyekiti alimtajia cha kuandika kwa haraka, kwa maneno ya kiserikali yale yale wanayotumia siku zote kukabidhi majengo, na vidole vya karani vikafuata vyenyewe kama vilivyozoea, bila yeye. Karatasi ikatoka, Mwenyekiti akasaini, muhuri ukagongwa. Kipaza akainama, akatapika maji meusi ndoo nzima, akavuta pumzi iliyosikika mpaka nje, na neno lake la kwanza likawa, "Nina kiu." Wakamkumbatia. Wakafungua madirisha. Upepo wa bahari ukaingia, na ukumbi ukanukia chumvi tu, kama zamani. Hakuna aliyemuaga karani.

Alimpigia kaka yake simu, na kaka akaja na gari saa tisa kumchukua mama.

"Nihamishwe nyumbani kwangu kwa ajili ya mpangaji?" mama akafoka, akitupia nguo kwenye begi. "Huyo mpangaji ana nini cha ajabu? Hajui kusalimia?"

"Ni wiki moja tu, mama. Nenda."

Kitu katika sauti yake kilimfanya mama afunge begi. Alimshika bintiye shavu, akaondoka.

Karani alifagia. Alipanga viti. Jua lilikuwa bado kali nje, watoto wa jirani wakicheza, na ndipo harufu ikaingia kupitia chini ya mlango, taratibu, kama mtu anayevua viatu kwanza. Sakafuni zikatokea nyayo za maji, ndefu, zikaenda hadi kwenye kiti cha sebuleni. Kiti kikalia kwa uzito.

"Karibu," karani akasema. Ndilo neno pekee lililomjia.

"Asante." Matone yakadondoka sakafuni. "Mwenzako yuko wapi?"

"Yupi?"

"Mama."

"Amekwenda kwa kaka."

"Arudi."

"Umepewa nyumba," karani akasema. "Umeshaipata."

"Soma."

Nakala ya azimio ilikuwa kwenye mkoba wake. Akaitoa, akaikunjua. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyoyachapa mwenyewe saa chache zilizopita, na alikuwa anayasoma kwa mara ya kwanza: imekabidhiwa nyumba ya karani, pamoja na vyote na wote waliomo tarehe ya leo.

Simu ikaita. Alikuwa kaka yake, akihema kama aliyekimbia. "Mama ameshuka! Kwenye foleni, amefungua tu mlango akashuka. Namwita hageuki. Anatembea kama mtu anayeitwa, dada, anatembea kurudi huko kwako, na nguo zake, sijui nikuelezeje, nguo zake zimelowa zote."

Simu ikamteleza. Akakimbilia mlango, akasukuma komeo, akaegemea ubao kwa mgongo wake wote, na hapo, kwenye nyayo za miguu kwanza, kisha magotini, kisha tumboni, kile kitu alichodhani kimekufa kikaanza kurudi, siyo kidogo kidogo bali chote kwa mpigo, woga wa miezi kumi na uchungu wa miezi kumi, mpaka meno yakagongana na akasikia mtu akilia kwa sauti na akatambua kwamba ni yeye.

Ndala zikasikika uani, zikivuta maji. Zikasimama nyuma ya mlango.

"Mwanangu," mama akasema. Sauti ilikuwa yake, laini, ila ilikauka kidogo mwishoni, kama yenye mchanga. "Mwanangu, nifungulie."

Nyuma ya karani, sebuleni, mtu alikuwa anavuta kiti cha pili.