Mchanga wa Nyumba ya Kiponda

"Siendi!" Khairat alisema kwa mara ya tatu, na safari hii alimtazama mama yake usoni.

"Utakwenda!" Bi Thuwaiba alijibu, huku akikaza kifuniko cha bakuli la supu. "Ijumaa nne hizi hujamuona bibi yako. Kavunjika nyonga, kalala Kidichi kwa mjomba wako, na kila siku ananiuliza Khairat yuko wapi. Nimwambie nini?"

"Mwambie naumwa."

"Unaumwa nini weye? Jana umekula chapati nne!"

Zamani Khairat angecheka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumba yao ya Kiponda ilikuwa nyumba ya vicheko. Kila asubuhi bibi yake, Bi Mwanapili, aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirisha la juu. Muuza mikate alitia boflo mbili, na Khairat akakivuta kikapu taratibu huku bibi akimhimiza, "Usikitikise, mkate si bembea!" Jioni ya Alhamisi nyumba nzima ilinukia udi, mpaka ngazini.

Miezi miwili iliyopita, ukuta wa chumba cha bibi uliporomoka. Wote walitoka hai, lakini bibi alitolewa kwenye kifusi akiwa amevunjika. Sasa Khairat na mama yake walipanga nyumba Jang'ombe. Khairat hakulala chumbani tena, alilala karibu na mlango. Darasani, deski likianguka, alipiga kelele. Na kila alipofungua mdomo kuitaja nyumba, mama na wageni waliokuja kutoa pole walimkatiza: "Sahau, mwanangu. Mshukuru Mungu uko hai."

Mwalimu wa darasa alikuwa ameshamshauri Bi Thuwaiba ampeleke kwa mnasihi Bi Salhiya, mtu aliyesomea kuwasikiliza waliopatwa na mambo mazito. Bi Thuwaiba alikataa kwa kuwa mwanawe hakuwa na wazimu. Lakini asubuhi ile, bakuli la supu mkononi, alichoka.

"Basi! Kama mie hunambii, utamwambia huyo Bi Salhiya."

Chumba cha Bi Salhiya kilikuwa kidogo, chenye dirisha moja na viti vitatu. Khairat alimwamkia shikamoo. Bi Thuwaiba alianza kueleza kila kitu kwa pumzi moja. Bi Salhiya alimsikiliza, kisha akamwomba kwa adabu asubiri nje.

"Khairat, chagua kiti unachotaka," alisema. "Tutazungumza unalotaka wewe. Ukipenda kunyamaza, tutanyamaza pamoja."

Walinyamaza kweli. Khairat alingoja aambiwe asahau, lakini hakuambiwa. Mwisho alianza kueleza habari za kile kikapu.

"Mkate ulikuwa bado wa moto ukifika juu?" Bi Salhiya aliuliza.

"Wa moto! Bibi akinikatia ncha, mama asione." Khairat alitabasamu, kisha tabasamu likafutika. "Bi Salhiya, mie niliuona mchanga. Kila asubuhi ulidondoka kutoka ukutani, nyuma ya kitanda cha bibi. Nikaufagia, nikautupa kabla mama hajaamka. Nilijua akiuona tutahama."

Bi Salhiya hakumwambia kuwa hana kosa, wala hakumlaumu. Alisogeza kiti chake karibu naye kidogo.

"Uliipenda nyumba, ukaogopa kuipoteza. Na jambo hili umelibeba peke yako tangu siku ile."

Khairat alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipomaliza, Bi Salhiya aliuliza, "Sasa wewe mwenyewe ungependa nini?"

"Bibi ajue. Lakini atanichukia."

"Unaogopa atakuchukia."

"Naam." Khairat alijifuta macho. "Hata hivyo nataka ajue. Leo leo."

Alitoka akamwambia mama yake yote, palepale barazani. Bi Thuwaiba aliketi kando yake.

"Ufa wa ukuta ule niliuona tangu kabla ya Ramadhani," alisema. "Nikausogezea kabati. Nikajiambia tutatengeneza baada ya sikukuu." Akasimama. "Haya, twende Kidichi."

Hawakupitia nyumbani hata kubadili nguo. Walimkuta Bi Mwanapili kitandani, na nje karafuu zimeanikwa mkekani. Khairat alisema akiwa amesimama, bila ya kupunguza neno.

Bibi alijiinua kidogo kwenye mto.

"Ungesema, tungehama mapema. Hilo ni kosa, skufichi," alisema. "Lakini ukuta ule ulichoka mie sijazaliwa, na mle ndani mlikuwa na watu wazima wenye macho. Njoo hapa. Nlidhani umenichoka kwa kuwa sitembei."

Khairat akajitupa kifuani pake.

Bi Thuwaiba alikaa ukingoni mwa kitanda. "Mama, kosa langu kubwa kuliko lake. Na nimeongeza jingine. Kila alipotaka kusema nilimwambia asahau, nikidhani namsaidia, kumbe namziba mdomo." Akamgeukia mwanawe. "Sikiliza, Khairat. Ukiona hatari, iseme siku hiyohiyo, hata kama kusema kutakukosesha unachokipenda. Na mtu aliyeumia moyo, msikilize kwanza. Nasaha zitakuja baadaye. Mie nimejifunza leo, na umri huu."

"Basi tuanze sasa hivi," bibi alisema, akamwachia mjukuu wake nafasi kitandani. "Nieleze siku ile ilivyokuwa kwako, tangu ulipoamka."

Khairat akaanza kueleza. Bi Thuwaiba akazima simu yake, akasikiliza mpaka mwisho, wala hakumkatiza hata mara moja.