Gurudumu la Nyuma Kushoto

Harufu ndiyo iliyotangulia. Spana aliinasa kabla ya mlio wowote: oili inayoungua, imechanganyika na vumbi la nyika iliyowazunguka tangu alfajiri. Akakanyaga breki. Pedeli ikazama mpaka chini, lori la zamani likavuta upande mmoja, likaja kusimama mbali mbele, limeinama kama mtu mwenye jipu.

"Nini tena?" wifi yake aliuliza.

Spana alishuka. Jina hilo alilipata kwenye gereji ya mumewe, alikofanya naye kazi miaka kumi na minne. Sasa mumewe alikuwa nyuma ya lori, ndani ya sanduku lililozungushiwa magunia ya barafu, anarudishwa kwa mama yake. Wifi, muuguzi, dada pekee wa marehemu, ndiye aliyeshikilia arudishwe. Njia nzima alikuwa amesema sentensi moja tu ya maana: "Ungemleta hospitali mapema."

Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelowa upande wa ndani. Spana alisogeza kiganja katikati yake, joto likamfukuza. Akazuia magurudumu mengine kwa mawe, akapiga jeki, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Kok, kok.

"Beringi imekufa," alisema. "Na mpira unaozuia oili umepasuka. Oili yote imeingia kwenye breki."

"Tutembee?"

"Kilomita sabini, na nusu dumu la maji?"

Wakabaki. Jeki ilizama mchangani mara mbili. Mara ya pili lori lilishuka ghafla, kidole cha wifi kikabanwa kikapasuka. Alikifunga mwenyewe, akikaza kitambaa kwa meno, wala hakulia.

Kesho yake asubuhi Spana alichomoa shafti, kisha akapambana na nati kubwa inayoshika gurudumu kwa nyundo na patasi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Juu yao barafu ilikuwa imeyeyuka yote. Maji yake yalipenya kwenye mbao za bodi, yakadondoka mchangani tone kwa tone. Wote wawili waliyatazama, midomo imewakauka, na hakuna aliyeyakinga.

Saa sita mchana wifi alipanda nyuma, akakaa kando ya sanduku muda mrefu. Aliposhuka sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Wifi. Hatafika. Joto hili halimwachii hata siku moja."

"Mama anamngoja amwone."

"Akimwona hivi, hatalala tena maishani."

Walichimba kwa koleo moja, kwa zamu, penye mwinuko wenye mawe ambapo mtu angeweza kuuona tena. Sanduku liliwashinda kulibeba. Waliliburuta kwa kamba, wakiliomba radhi kila lilipogonga jiwe. Kisha Spana akarudi chini ya lori, maana hapakuwa na jingine la kufanya.

Beringi ya ndani ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kwa moto. Mumewe alikuwa ameweka nyingine iliyokwishatumika kwenye kopo la grisi, hiyo ingefaa. Lakini kwa nini mpira ule upasuke? Alipapasa juu ya ekseli, akakipata kitundu cha kupumulia. Kilikuwa kimezibwa na tope, gumu kama tofali. Akalala chali, akafunika uso kwa mikono yenye oili.

"Umeumia?" wifi aliinama.

"Ekseli ikipata moto hupumua hapa. Pakizibwa, oili hutafuta njia nyingine, husukuma mpira mpaka upasuke. Kaka yako aliniambia nikisafishe, wiki ile aliyoanza kuumwa. Nikasahau, wifi. Tope la kuchokoa kwa msumari tu!"

Wifi akatambaa, akalala ubavu karibu naye mchangani.

"Mimi alinipigia simu," alisema. "Akaniambia kifua kinambana. Nikamwambia ameze dawa, apumzike. Mimi, muuguzi. Nimekulaumu wewe njia nzima ili nisijilaumu mwenyewe."

Walilia pale chini, vichwa vimegusana, mpaka Spana akasema, "Nataka ngozi. Ngozi laini, ya kuziba mahali pa mpira."

Wifi alifungua begi la nguo za marehemu, akatoa mkanda wake, akaukata kwa wembe wa kazini kwake. Spana aliulowesha kwa oili, akauzungusha ukakaa, akarudisha kila kitu, akajaza oili ya injini iliyokuwepo. Haikuwa oili ya ekseli, ila ilikuwa bora kuliko ukavu.

Waliondoka kulipokucha, mwendo wa mtu anayetembea, wakisimama kila mara kushika gurudumu. Maji yaliisha njiani. Nyumbani kwa mama walifika jioni.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya lori kabla injini haijazimwa. Wifi akafungua mlango wa bodi. Mbao tupu.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Tumemzika njiani, mama. Niliamua mimi."

"Tuliamua wote," Spana alisema.

Mama akaweka viganja vyake juu ya zile mbao, akaviacha hapo. Akatazama kidole cha binti yake, akatazama mikono ya mkwewe.

"Ingieni mnywe maji," alisema.

Walikunywa mpaka wakaumwa na matumbo. Walipoinua macho, mama alikuwa amevaa viatu, kibegi mkononi.

"Lori hilo linaweza kurudi huko?"

"Linaweza, mama. Nikipata mpira mpya na oili, keshokutwa."

Mama akaketi karibu na mlango.

"Basi nitangoja."

Akangoja siku zote mbili, viatu miguuni.